Viumbe wa Sayari Nyingine Wasiwe Binadamu Waliovaa Vinyago

Swali: Nimeandaa kitabu cha rejea chenye spishi 14 za viumbe wa sayari nyingine kwa ajili ya mchezo wetu wa mezani wa kuigiza wahusika, ambao hadithi yake ni bunilizi ya kisayansi. Tunarusha dado mbili za pande sita, na anayefikisha 8 au zaidi amefaulu. Kila spishi nimeipa kurasa sita: historia, vita, nasaba za watawala, kisha nyongeza za dado, yaani nambari zinazoongezwa au kupunguzwa kwenye jumla ya dado. Wachezaji wangu hawasomi. Wanachagua spishi yenye nyongeza kubwa ya nguvu na kuiigiza kama binadamu aliyevaa kinyago. Nimekosea wapi? Niandike kurasa ngapi, kwa mpangilio gani, na nambari zichukue nafasi gani? Tena, spishi ninayoipenda kuliko zote huishi katika baridi ya methani, na sijui namna ya kumpandisha chombo kimoja na binadamu.

Jibu: Ndugu mwandishi, nianze na hilo la wachezaji kutosoma, maana naona ndilo linalokuuma zaidi. Hawana kosa. Mtu aliyeketi mezani ana karatasi ya mhusika wake mbele yake, dado mkononi, na wenzake wanaomsubiri aamue. Kurasa sita za nasaba hazimsaidii kuamua lolote. Nyongeza ya +2 inamsaidia, na ndiyo sababu aliisoma hiyo peke yake. Kitabu cha namna hii hutumika kama kifaa cha kazi, na mimi hukipima kwa jambo moja tu: kila habari iliyomo ibadilishe uamuzi wa mtu fulani mezani, awe mchezaji au msimamizi wa mchezo, yule anayeendesha hadithi. Habari kwamba mtawala wa saba alimpindua wa sita haibadilishi uamuzi wa mtu yeyote. Habari kwamba kiumbe huyu, kama nyuki wa kwetu, haoni rangi nyekundu lakini anaona urujuanimno, inabadilisha mambo mengi, kwa sababu taa ya hatari ya chombo ni nyekundu, na yeye amesimama chini yake akiendelea kuhesabu mizigo bila wasiwasi wowote.

Kosa la pili ni la mpangilio. Mpangilio wa kubuni ni mmoja na mpangilio wa kuchapisha ni mwingine, lakini waandishi wengi huchapisha kwa mfuatano uleule waliofikiria. Unapobuni, anza na ulimwengu: nyota ya namna gani, mvutano wa kiasi gani, hewa gani, mchana wenye urefu gani. Kutoka hapo shuka kwenye mwili, maana mwili ni jibu ambalo viumbe wameupa ulimwengu huo. Kutoka mwilini nenda kwenye desturi, na kutoka kwenye desturi ufike kwenye tatizo litakalomkabili mchezaji. Unapochapisha, geuza yote: tatizo likae mbele, desturi ifuate, mwili baada yake, na sayari iwe mwisho kabisa, kwa ajili ya yule mwenye subira ya kuifikia. Msimamizi anayefungua kitabu chako wakati wachezaji wamekwisha kubisha mlango wa ubalozi hana nafasi ya kujifunza uzito wa sayari. Anataka kujua mwenyeji atasimama wapi, anahitaji nini leo, na ni jambo gani litakalomuudhi.

Nikuonyeshe kwa mfano mmoja, nikiufuata kuanzia nyota hadi mezani. Nyota kibete nyekundu ndizo nyingi zaidi katika galaksi yetu, na jirani yetu wa karibu kuliko nyota zote, Proxima Centauri, ni mmojawapo. Mwaka 2016 wanaanga walitangaza kugundua sayari inayoizunguka, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.2 hivi kutoka hapa, ambayo mwaka wake mzima ni siku 11 tu. Sayari iliyoikaribia nyota yake kiasi hicho inatazamiwa kufungwa na mvutano, hata upande wake mmoja ukaielekea nyota daima, kama Mwezi unavyotuonyesha uso uleule siku zote. Upande mmoja basi ni mchana usiokwisha, upande wa pili ni usiku usiokucha, na kati yake kuna ukanda wa machweo ya kudumu. Hewa iliyopashwa moto upande wa nuru hupaa, na hewa baridi ya upande wa giza huja kuziba nafasi yake. Kwa hiyo mtu akisimama kwenye ukanda ule atapigwa na upepo wa ardhini unaotoka gizani kwenda kwenye nuru, mwaka hadi mwaka, bila kugeuka.

Sasa tuwaweke viumbe hapo, tuwaite Waruvi. Mahali ambapo upepo haubadili mwelekeo, harufu huwa chombo cha mawasiliano cha kuaminika kuliko sauti, ambayo upepo huichana vipandevipande. Hapa duniani njia hiyo ipo tayari: mwaka 1959 mwanakemia Adolf Butenandt na wenzake walitangaza kwamba wameitambua kemikali ambayo nondo jike wa hariri huitumia kumwita dume, baada ya kazi ya miaka mingi iliyohitaji tezi za nondo takriban 500,000, na mwaka huohuo neno feromoni likaanza kutumika. Waruvi wameifanya njia hiyo kuwa lugha kamili. Lakini lugha ya harufu katika nchi ya upepo mmoja ina sheria ambayo hakuna bunge lililoitunga: anayesimama upande unakotoka upepo ndiye anayesema, na aliye upande unakokwenda ndiye anayesikia. Hakuna kudakizana. Anayetaka kujibu lazima atembee, amzunguke mwenzake, ashike nafasi yake. Kusimama mbele ya mtu upande wa upepo bila kukaribishwa ni kumnyang'anya neno. Kumpisha mgeni nafasi hiyo ni heshima kubwa kuliko zawadi. Mahakama yao ni uwanja mrefu, mwembamba, na hakimu ndiye anayekaa mwisho kabisa, asiyeweza kusema na yeyote mpaka wote wamalize.

Mpaka hapa bado ni desturi ya kuvutia tu, na vitabu vingi huishia hapo. Tatizo la mezani linazaliwa pale Mruvi anapopanda chombo cha binadamu. Hewa ya chombo huzungushwa na feni na kurudishwa, haina utokako wala uendako. Ghafla kila mmoja anasema na kila mmoja anasikia, wakati mmoja, na maneno hayaondoki: ugomvi wa jana ungali umeganda kwenye kuta za chumba cha kulia, na siri aliyonong'onezwa mtu mmoja ghalani imefika jikoni kupitia bomba la hewa. Ujumbe wa Waruvi wanane uliopanda kwa amani unashuka ukiwa na makundi matatu yasiyopikika chungu kimoja. Mchezaji asiyejua lolote kuhusu nyota kibete nyekundu ataelewa mara moja kwamba lazima afanye kitu: azime feni na kuhatarisha hewa, ahamishie mazungumzo kwenye ukumbi wa mizigo na kufungua mlango wa nyuma ili upepo uvume upande mmoja, au awaache wagombane kwa sababu ugomvi huo una faida kwake. Na yule anayeigiza Mruvi ana jambo la kufanya kwa mwili wake mwenyewe, kwa kuwa kila akitaka kusema anainuka kitini na kuhama. Nimeona wachezaji waliokuwa wakisinzia wakiamka kwa sababu ya sheria hiyo moja ya kuhama.

Ona pia kwamba sikuhitaji kuandika historia ya Uruvi hata aya moja ili hayo yatokee. Ukiongeza jambo la pili, lifanye litokane na lile la kwanza. Viumbe ambao maneno yao huganda ukutani watakuwa na fundi wa kuosha vyumba, naye atakuwa mtu wa kuogopwa kuliko askari, kwa kuwa anajua kila lililosemwa kabla hajalifuta. Watakuwa na jinai ya kuosha chumba cha mwenzako bila idhini. Watamwona binadamu kama mtu anayesema uongo kwa mdomo huku jasho lake likitoa ushahidi dhidi yake. Haya yote yanatoka kwenye mzizi mmoja, na kwa hiyo msimamizi anayeukumbuka mzizi anaweza kubuni tawi jipya mwenyewe katikati ya kikao bila kukupigia simu.

Kuhusu mahali pa kupata mizizi hiyo, usihangaike na anga kabla hujaimaliza dunia. Pweza ana mioyo mitatu, damu ya buluu inayobeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma, na seli za neva takriban milioni 500 ambazo zaidi ya nusu zimo mikononi. Mkono wake unaamua mambo kadhaa bila kusubiri kichwa. Tembo huitana kwa sauti za chini mno zisizosikika kwa sikio letu, zikafika umbali wa kilomita kadhaa. Fuko asiye na manyoya wa Pembe ya Afrika ni mamalia anayeishi chini ya malkia mmoja anayezaa, kama mchwa. Mwaka 1977, kwenye sakafu ya bahari karibu na visiwa vya Galápagos, watafiti walikuta jamii nzima ya viumbe wanaoishi kandokando ya chemchemi za maji ya moto, miongoni mwao minyoo mikubwa isiyo na kinywa wala utumbo, inayolishwa na bakteria walio ndani ya miili yao kwa nguvu ya kemikali badala ya jua. Mtu angebuni hayo kabla ya mwaka huo tungemwambia amezidisha chumvi.

Ila ukikopa, kopa pamoja na masharti yake. Makosa mawili huyaona mara kwa mara. La kwanza ni mdudu wa urefu wa mita tatu. Galileo aliueleza ugumu wake mwaka 1638: ukikuza mwili mara mbili kila upande, uzito wake huongezeka mara nane, lakini unene wa mfupa unaoubeba, ukiupima kwa eneo la mkato wake, huongezeka mara nne tu. Mdudu wako ataanguka chini ya uzito wake mwenyewe, na kabla ya hapo atakosa pumzi, kwa kuwa wadudu huvuta hewa kwa vijibomba vinavyopeleka oksijeni hadi ndani kabisa ya mwili. Si lazima umfute. Mpe mvutano mdogo, hewa yenye oksijeni nyingi zaidi ya asilimia 21 ya kwetu, na kitu mfano wa mapafu. Kisha kumbuka kwamba akishuka kwenye kituo cha binadamu atatembea kama mtu aliyebeba gunia la saruji, na hilo tayari ni onyesho. La pili ni kiumbe wa nchi kavu anayehisi umeme wa moyo wa adui kutoka upande wa pili wa ukumbi. Samaki wa umeme wa mito ya Afrika hufanya jambo la namna hiyo kwa sababu maji hupitisha umeme. Hewa hupitisha vibaya sana. Mweke kiumbe huyo majini, au mlazimishe aguse.

Linalofuata nitalisema kwa ukali kidogo. Katika orodha yako nimeona spishi ya mashujaa, spishi ya wafanyabiashara wachoyo na spishi ya wanafalsafa watulivu. Hizo ni kasumba tatu zilizopewa sayari. Kumpachika kila mtu wa taifa zima tabia moja ni ugonjwa wa zamani wa binadamu, na michezo hii iliurithi. Wachapishaji wa Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka mwaka 1974 na kuufungulia njia uwanja huu wote, walitangaza Desemba 2022 kwamba wataacha neno la Kiingereza lenye maana ya mbari na kutumia spishi badala yake; na katika kanuni zao za mwaka 2024 nyongeza za uwezo ziliondolewa kwenye spishi na kuwekwa kwenye malezi na kazi ya awali ya mhusika. Wapo waliolalamika. Mimi naona waliolalamika walikuwa wamezoea njia ya mkato. Mwili unaweza kuwa mmoja kwa spishi nzima, tabia haiwezi. Waruvi wote huongea kwa harufu, lakini wapo wanaoamini kwamba neno lisilofutwa ni kumbukumbu takatifu, wapo wanaoosha nyumba zao kila mara ili wasitawaliwe na wafu, na wapo vijana waliokulia kwenye vyombo vya binadamu wanaopenda kelele ile ya wote kusema pamoja, wakiona uwanja wa upepo ni wa wazee. Mpe mchezaji ugomvi wa ndani achague upande. Akiulizwa, "Mhusika wako ni Mruvi wa namna gani?" awe na jibu.

Tuje kwenye nambari, ambazo umezipa nafasi isiyo yake. Dado mbili za pande sita zina njia 36 za kuanguka. Bila nyongeza, njia 15 zinafikisha 8 au zaidi, yaani asilimia 42 hivi. Ukiweka +1 njia zinakuwa 21, asilimia 58. Ukiweka +2 zinakuwa 26, asilimia 72. Ukiweka −2 zinabaki 6 tu, asilimia 17. Sasa tazama ulichofanya kwa spishi zako: mmoja ana +2 ya nguvu kwa kuzaliwa, mwingine ana −2, na katika jambo lilelile wa kwanza anafaulu zaidi ya mara nne kwa kila mara moja ya mwenzake, katika kila kikao, mpaka hadithi nzima iishe. Mchezaji mwenye akili timamu hataiona sayari wala desturi, ataona pengo hilo. Kwenye dado moja ya pande 20, ambako kila nukta ni asilimia 5, nyongeza hiyo ingekuwa haba. Kwenye dado zako mbili ni mlima.

Ushauri wangu ni kuziondoa nyongeza za kudumu kabisa na kuweka vitu viwili badala yake. Cha kwanza ni ruhusa: jambo ambalo spishi hii hulifanya bila kurusha dado, na wengine hawawezi kulifanya hata wakirusha. Mruvi akiingia chumba kisichooshwa anajua ni nani aliyekuwamo leo na kama alikuwa na hofu. Haulizwi dado, kama vile wewe huulizwi dado ili usome maandishi ukutani. Cha pili ni gharama, iliyofungwa kwenye hali fulani: penye hewa inayozungushwa, Mruvi anapojadiliana hupunguziwa 2, na mchezaji anajua kabla ya kuingia. Ruhusa humfanya mchezaji atafute nafasi ya kuitumia, gharama humfanya atafute namna ya kuikwepa, na vyote viwili vinamrudisha kwenye mwili uliobuni. Nguvu, wepesi na akili viache vitokane na mtu mwenyewe, kazi yake na maisha yake.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nalo naliona kubwa kuliko hesabu za dado: unaandika kwa Kiswahili, na Kiswahili kinakulazimisha kuamua mambo ambayo mwandishi wa lugha nyingine anaweza kuyakwepa. La kwanza ni ngeli. Tunasema "kiumbe yule amekuja", kwa upatanisho wa viumbe hai, ingawa neno lenyewe lina ki- ya vitu. Mhusika binadamu anayesema "kile kimekuja" ametoa hukumu kuhusu utu wa mgeni wake bila kuongeza neno hata moja la matusi, na kila msikilizaji mezani ameisikia. Itumie. Mwandikie msimamizi kwamba mabaharia wa kituo fulani huwapatanisha Waruvi kwa ki-, na kwamba Waruvi wenye kujua Kiswahili wameanza kuling'amua.

Ngeli inaweza kufanya zaidi ya hapo. Spishi yako ya tisa, ile ambayo mwili mmoja hauna akili lakini ishirini wakigusana wanakuwa mtu mmoja, umeieleza kwa kurasa mbili za neva na sumaku. Jaribu sentensi moja: "Vilitoka shimoni kimoja kimoja, vikajibanza ukutani, na kilipofika cha ishirini akatusalimu." Upatanisho ulipogeuka kutoka vi- kwenda a-, mtu alizaliwa mbele ya msomaji. Kanuni hiyo ukimpa msimamizi, ataweza kumjeruhi kiumbe huyo kwa sarufi pekee: waondoe watano ukutani, na a- irudi kuwa vi- katikati ya usemi wake.

Upande wa pili, "yeye" yetu haisemi mume wala mke, kwa hiyo spishi yenye jinsi tatu, au inayobadili jinsi kama wafanyavyo samaki fulani wa matumbawe ambao dume mkubwa hugeuka jike pindi jike wa kundi anapokufa, haitakupa shida yoyote katika masimulizi. Shida itakuja kwenye majina ya ukoo. Je, aliyekuwa baba mwaka jana aitwe mama leo, na dada yake wa zamani abaki shangazi au awe mama mdogo? Usilikimbie swali hilo kwa kubuni neno geni. Liache liwe ubishi wa wahusika wenyewe, maana familia hubishana hivyohivyo.

Kuhusu majina, ondoa zile alama za ritifaa (') na konsonanti tatu mfululizo. Jina lisilotamkika mezani litageuzwa kuwa utani katika dakika kumi za kwanza. Ukipata mzizi mzuri, lugha inakupa ukoo mzima bure: Mruvi, Waruvi, Kiruvi, Uruvi. Lakini angalia kwamba viambishi hivyo humfanya mgeni asikike kama jirani, kwa hiyo viweke kwa spishi zinazokaa na binadamu na kufanya nao biashara. Zile za mbali kabisa zinyime M- na Wa-, uzipe tu jina ambalo binadamu walizibandika, na msomaji atahisi ugeni kabla ya kuambiwa.

Idadi ya kurasa ni jambo jepesi. Kurasa mbili zinazotazamana kwa kila spishi, ili kitabu kikifunguliwa kila kitu kionekane bila kugeuza karatasi. Siri za msimamizi peke yake ziende nyuma ya kitabu. Kati ya spishi 14, baki na tano. Zile tisa nyingine zipe aya moja moja kama uvumi wa mabaharia, wenye ukweli nusu, na msimamizi ataziendeleza akizihitaji. Kabla ya kuchapisha, mpe mtu asiyewahi kuiona kazi yako kurasa mbili za spishi moja, mpe dakika tano, kisha aendeshe onyesho la kukutana kwa mara ya kwanza huku wewe umekaa kimya pembeni. Weka alama kila sentensi aliyoitumia. Ile isiyo na alama, ifute, hata kama uliipenda.

Sasa yule wako wa methani. Mahali tunapopajua panapomfaa ni Titan, mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali (Saturn), ambako chombo cha Huygens kilitua tarehe 14 Januari 2005. Uso wake una baridi ya nyuzi −179 za Selsiasi, hewa nzito yenye mgandamizo wa karibu mara moja na nusu ya kwetu, mvutano wa takriban sehemu moja ya saba, na maziwa ya methani na ethani. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba mmenyuko wa kemikali huongezeka kasi maradufu hivi kila joto linapopanda nyuzi 10. Ni makadirio ya juujuu tu, lakini kati ya mwili wako wa nyuzi 37 na kiumbe huyo kuna nyuzi 216, na huwezi kumpa damu yenye kukimbia bila kudanganya. Maisha yake, kama yangekuwapo, yangekuwa ya polepole kupita kiasi. Zaidi ya hayo, kule maji ni mwamba: barafu yake ni ngumu kama jiwe. Kwa hiyo wewe kwake ni tanuri linalotembea, lenye mwamba ulioyeyuka ukizunguka mishipani, na pumzi yako ni mvuke wa mawe.

Ndiyo maana hukuweza kumpandisha chomboni, na ningekushauri uache kujaribu. Usimfanye mhusika wa kuchezwa, wala usimvalishe vazi la baridi ili aketi mezani na wenzake, kwa sababu siku atakapoketi atakuwa binadamu mwenye kinyago, kile hasa ulicholalamikia. Mfanye mahali ambapo wachezaji hufika, pembeni mwa ziwa lisilo na wimbi, mbele ya kitu wanachodhani ni kilima cha barafu. Wakijua namna, waulize swali lao katika kikao cha kwanza, waondoke, waendelee na maisha yao, wapoteze mmoja wao, wabadili chombo. Katika kikao cha sita, jibu lianze kufika, silabi moja kila wanaposimama kujaza mafuta, wakati ambapo hakuna anayekumbuka vizuri walikuwa wameuliza nini.